Mzee Aristides na Mjomba wa Kukodi

Wasikilizaji wapendwa, ninayowasimulia leo ni kweli tupu. Nimeapa mbele ya Hope, binti wa marehemu, aliyeketi hapa studio akinitazama kwa jicho la pembeni. Tunamkumbuka rafiki yangu Mzee Aristides, muuza vipuri wa Kijenge, tuliyemzika juzi kwao Rombo.

Mzee Aristides alijivunia sikio lake. Mteja akisema "shikamoo", yeye anajibu, "Marahaba, wa Monduli." Mara nyingi alipatia. Na asiyemtambua kwa lafudhi, alimshuku. Nyati wa Momela wakikoroma, aliweza kusema yupi ni mgeni.

Hope anatikisa kichwa. Tuendelee.

Oscar, kijana wa Machame, alipokuja nyumbani kwa Mzee, Lemara, kumposa Hope, msemaji wake alikuwa mjomba wake, Stanley. Mjomba huyu alizaliwa Machame, akazeekea Tanga. Nasema tena: Machame, kisha Tanga. Alipofungua kinywa, Kiswahili kikateleza kama mafuta.

Mzee Aristides akamvuta mkewe, Mama Hedwiga, hadi jikoni.

"Mama Hope, huyu mjomba wamemkodi."

"Umejuaje?"

"Mmachame gani anaongea kwa madaha hivi?"

"Si umuulize kihamba chao, shamba la ukoo, kiko wapi."

Mzee akarudi kwa wageni, akamuuliza kwa Kirombo. Mjomba akajibu kwa Kimachame. Wote Wachaga, wasikilizaji, wote Wachaga, na hakuna aliyeambulia kitu. Shaka ikawa mbili: Kiswahili cha kuazima, Kichaga cha kuokota. Wageni walipomkabidhi kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, Mzee akaisukuma pembeni. Mbege ya posa ikikataliwa, hakuna ndoa.

Nani aliiokoa posa ile? Mimi. Nilikaa katikati yao, Kirombo sikio la kulia, Kimachame la kushoto, nikatafsiri mpaka…

"Baba mkubwa," Hope amenikatiza, "hii maiki iko hewani?"

"Iko hewani, mwanangu."

"Basi wasikie. Wewe siku ile hukuwepo. Ulikuja kesho yake, ukala kiporo. Aliyeokoa posa ni mama. Alimpa mjomba kisu, akamwambia amsaidie kumenya ndizi za mtori. Akamwacha aongee tu. Habari za Machame, za Tanga, za marehemu mama yake. Baba akasimama mlangoni kumpeleleza. Mwanzo aliambulia neno mojamoja. Ndizi zinakaribia kuisha, baba anacheka kabla mjomba hajamaliza kisa. Akasema, 'Huyu ni mtu wa kwao kabisa. Sikio langu ndilo lilikuwa geni.' Akaenda kuinywa ile mbege."

Pole sana, Mama Hedwiga. Pole Hope, pole Oscar. Nanyi wasikilizaji wapendwa, ukikutana na lafudhi usiyoizoea, mwache mwenyewe aongee kwanza, ndipo uamue kama ni tapeli.

Simu ya studio inaita. Ni Mama Hedwiga.

"Shemeji, umeninyang'anya kazi yangu redio nzima ikisikia. Ulete mbuzi, na isale shingoni."

Isale ni jani letu la kuombea msamaha, na akidai mjane, hakuna ubishi.

"Nimekubali, shemeji. Kuna beberu wangu, mkubwa kama ndama."

Hope ameshasogelea maiki.

"Mama, usikate. Tukitoka hapa naongozana naye hadi zizini. Mbuzi nitamchagua mwenyewe."

Natafuta kamba.