Mama Mawe, Aliyebishana na Mashine Iliyomweka Hai

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1952, nyuma ya karakana ya baba, mfua vyuma. Mama alizoea kusema kwamba mtoto huyu alikuja duniani amekunja uso, kana kwamba amecheleweshwa na watu wazembe. Uso huo hakuukunjua sana baadaye.

Baada ya masomo ya msingi na sekondari alijiunga na chuo cha ualimu mwaka 1971, akachukua historia. Huko aliudhika: walisomeshwa zama za mawe muhula mzima bila mtu kugusa jiwe.

Alifundisha sekondari kuanzia 1974 hadi alipostaafu. Kila mwaka aliwapeleka wanafunzi wapya nyuma ya jiko la shule, akawapa mawe, akawaambia wachonge kisu kabla ya chakula. Vidole vilichubuka, kisu hakikuonekana.

"Na bado mnamwita mtu wa kale mshamba," aliwaambia. "Mwenzenu alikuwa anakula."

Ndipo wakambandika jina la Mama Mawe. Dirisha la jiko lilipovunjwa, mkuu wa shule alimwita. "Mwalimu, mtihani hauulizi kuchonga mawe."

"Basi mtihani wenyewe hauna akili."

Tarehe 17 Desemba 1977 aliolewa na fundi redio, mtu aliyeamini kwamba kila shida ya binadamu inasubiri waya wake tu. Shemeji yetu huyo alipomwambia kuwa siku moja mashine zitafikiri kutuzidi, alijibiwa, "Zianze na pasi yangu. Iko mezani kwako tangu masika."

Mwaka 2019 figo za dada zilishindwa kazi. Daktari alisema lazima damu yake isafishwe kwa mashine. Akakataa katakata. "Watu wameishi miaka na miaka bila kuchomekwa ukutani."

Shemeji yetu, mpole ajabu, siku hiyo alifoka. "Na walikufa! Si ndivyo ulivyofundisha watoto wa watu, kwamba wengi hawakufika arobaini? Au ulikuwa unawadanganya?"

 Dada akauliza viatu vyake viko wapi.

Mashine ile ilimpa miaka mitano, naye aliinunia yote mitano. Kilichomkera zaidi ni wagonjwa waliorudishwa nyumbani kwa sababu mashine hazikutosha. Asubuhi ya tarehe 22 Agosti 2024, hospitalini, shemeji alimsimulia kuhusu figo zitakazotengenezwa maabara.

"Zitamfikia nani?" aliuliza. "Moto ulisambaa kwa sababu jirani alimpa jirani kaa la moto. Zenu zikiishia kwa wachache, msiniambie mmeendelea."

Shemeji alikuwa bado anatafuta jibu alipoona kwamba mkewe ameshaaga dunia. Anasema huo si uungwana: mtu hakuulizi swali kama hilo akaondoka.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, kaka mmoja na dada mmoja.

Apumzike kwa amani, na sisi tujaliwe kukizoea kimya hiki.