Beldina Achola, Mwalimu Aliyejifanya Hajui

Wasikilizaji wapendwa, kama kuna anayeosha vyombo, aviache kwanza. Leo tunamkumbuka Beldina Achola. Beldina Achola, mwalimu wa walimu, aliyetuacha mwezi uliopita akiwa na miaka hamsini na minne. Huyu ni mwalimu wa nne ninayemsimulia hapa mwaka huu na, sitawaficha, nimechoka. Lakini yeye alichoka kunishinda, na kazi aliifanya.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Kwa miaka kumi na mmoja Beldina alizunguka shule kumi na tisa, kutoka mtaa wa Manyatta hadi Dunga ufuoni mwa ziwa, akiwasaidia walimu kufundisha kwa tableti na projekta. Shule kumi na tisa, mtu mmoja, magoti mabovu. Vifaa vililetwa, vikafungiwa kabatini. Kikivunjika kimoja, nani atajibu? Basi vikakaa humo, vikazeeka bila kuguswa na mtoto.

Kila mtu alisema ni hofu ya wezi. Beldina aligundua kwamba walimu waliogopa aibu kuliko wizi.

Chukueni Gordon Opondo, mwalimu wa hisabati. Walipokutana miaka minne iliyopita, Opondo alikuwa ameshika chaki miaka ishirini na tisa. Akamwambia waziwazi: "Madam, hiyo kitu wachia vijana. Mtoto wa gredi ya tano akinicheka, nitafundisha nani tena?"

Beldina hakubishana. Aliketi, akaigeuzageuza tableti, akaguna. "Japuonj," akasema, yaani mwalimu kwa Kijaluo, "hebu nisaidie. Imenikataa."

Opondo akavaa miwani. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, ikawaka. Alifurahi kama aliyevua samaki mbuta mzima. Zilipita wiki tatu kabla hajajua kwamba mama huyo alikuwa anajifanya tu. Alijifanya hajui katika shule zote kumi na tisa, wasikilizaji, ili mwalimu mzima asione haya kujaribu.

Na Opondo akakolea. Alikwenda Dunga akampiga video dada yake, Dorca, akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, na kuwapima kwa gorogoro, kopo la kupimia. Darasani akaisimamisha picha, akauliza gorogoro ngapi zitajaza debe. Mtoto mmoja akaruka juu: "Mwalimu, lakini hiyo haijajaa!" Dorca alipopata habari kwamba kipimo chake kimeonekana, alinuna wiki nzima.

Hata hivyo Beldina alikuwa na hofu moja iliyomnyima raha. Binti yake, Debra, ametueleza hivi: "Mama akirudi jioni anaweka miguu kwa beseni, anasema amechoka. Halafu anasema, 'Debra, nikiacha hii kazi, hizo vitu zitarudi kwa kabati. Hakuna mwenye ako na roho ya kurudia.'"

Roho ya kurudia. Mwalimu unamwonyesha leo, kesho amesahau, na ukimkasirikia mara moja tu, hagusi tena. Beldina alitafuta mtu mmoja mwenye roho hiyo ili amwachie kazi. Miaka kumi na mmoja, hakumpata.

Sasa, Februari mwaka huu alifika shuleni kwa Opondo. Akaketi katika chumba cha walimu, akauliza projekta inawashwa wapi. Walimu wakaangua kicheko. "Madam, huo mchezo wako tunaujua!" Opondo akamwonyesha. Akauliza tena, akamwonyesha tena. Akauliza mara ya tatu. Waliendelea kucheka, na Opondo alicheka pamoja nao huku akimwonyesha.

Opondo alipomsindikiza hadi langoni, boda boda iliyomleta ilikuwa inangoja. Beldina akasimama. Akauliza polepole, "Japuonj, hapa ni shule gani?"

Ulikuwa uvimbe kwenye ubongo. Nasema tena, uvimbe kwenye ubongo, na ulikuwa umekaa humo muda mrefu. Mtu anayesema kila siku kwamba amechoka, nani atamuuliza zaidi? Hatukumuuliza. Mimi mwenyewe nilimhoji hapa studioni Desemba iliyopita, akasahau swali langu mara mbili, nikadhani ananitania. Jambo hilo linaniuma mpaka sasa.

Opondo alikwenda kumwona wodini. Haya ni maneno yake. "Nilimwambia, 'Madam, nisamehe. Nilikucheka.' Akaniuliza, 'Ulinionyesha mara ngapi?' Nikasema tatu. 'Ulikasirika?' Nikasema hapana. Akafunga macho, nikafikiri amelala. Halafu akasema, 'Basi ni wewe. Hizo shule zingine, enda.' Nikamwambia, 'Madam, mimi nimebakisha mwaka mmoja nistaafu. Nimechoka.' Akaniambia, 'Hata mimi nilienda nikiwa nimechoka.'"

Jumamosi iliyopita Opondo alikuwa katika shule ya saba. Amenituma niwaambie walimu wa shule zilizobaki wamtafutie kiti chenye mgongo.

Debra, na familia nzima ya Beldina Achola, poleni sana. Mungu awatie nguvu, na marehemu apumzike, maana hakupumzika kwetu. Nanyi wasikilizaji wapendwa, kila mmoja wenu ana mtu ambaye tangu mwaka jana anasema amechoka, na mmeshazoea kumsikia. Zimeni redio. Mpigieni sasa hivi, mumuulize amechoka nini.