Mama Pasi, Aliyekataa Kuzeeka kwa Zamu

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Pasi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkewe. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1965, na masomo ya jioni akayasoma akiwa tayari kazini. Hesabu aliipenda. Kushona kulimshinda, wala hakuficha.

Mwaka 1970 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, akapanda hadi kuwa msimamizi; jina la Pasi alilipata huko. Humo, kati ya mvuke na marundo ya shuka, alikutana na dereva wa gari la wagonjwa aliyekuja kuulizia koti lake. Koti halikupatikana. Walifunga ndoa tarehe 17 Agosti 1974, wakajaliwa watoto watatu.

Jambo moja lilimkaa moyoni. Mama yake mzazi alizeeka kwa zamu, mwezi kwa mtoto huyu, mwezi kwa yule, begi halimaliziki kufunguliwa. Marehemu aliapa kwamba yeye atafia kwake. Kwa hiyo alipostaafu mwaka 2006 na kupata kiinua mgongo, kisha mumewe akataka wanunue basi, nyumba iliwaka moto kwa mabishano.

"Basi linaingiza hela kila siku, mama watoto!"

"Na likilala gereji, baba, tutakula matairi? Mimi shuka zote sijawahi kuzitia mashine moja."

Basi halikununuliwa. Sehemu kubwa aliiweka kwenye hati fungani za serikali, yaani aliikopesha serikali kwa riba, nyingine kwenye hisa za kampuni zenye mazoea ya kutoa gawio. Akajenga vyumba viwili vya kupangisha, na akiba ya dharura ikakaa benki. Mzee naye alipewa fungu dogo la kujaribia bahati. Alifuga kuku, wakafa wote, na kisa hicho hukisimulia mwenyewe kwa kicheko.

Mwanzoni marehemu alikosea: faida za hati karibu zote ziliingia Januari na Julai. Miezi hiyo walitamba; Mei na Novemba walikaza mkanda. Kwa hiyo kila hati ilipofikia mwisho wa muda wake alinunua nyingine yenye tarehe tofauti za malipo, mpaka kila mwezi ukawa na chake. Siku alipofanikiwa, aliwanunulia majirani soda.

Mwaka 2021 moyo ulianza kumsumbua. Matibabu aliyalipia kwa akiba ile, na watoto walipotaka kuchanga aliwaambia, "Nyie njooni tupige soga. Hela zenu kaeni nazo." Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Mei 2023, kitandani kwake, wanawe wote watatu wakiwa jikoni wakibishana nani achemshe chai.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na kitukuu mmoja. Juzi faida ya mwezi huu iliingia kwenye akaunti yao ya pamoja kama kawaida. Mzee aliutazama ujumbe kwenye simu, akalia, kisha akasema, "Hata leo kaniachia ya sokoni." Hakuna aliyemuuliza atahamia kwa nani.

Apumzike kwa amani, katika utulivu alioutolea jasho.