Mlango wa Mama Eufrazia

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu. Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa. Sheikh wetu na Padri wetu. Wakili Brightson wa kituo cha msaada wa kisheria. Wenye nyumba mliofika, maana nimewaona hata mliojificha nyuma ya spika. Wapangaji wenzangu wa Kiwalani. Na wewe Mama Eufrazia, ambaye leo tunakuaga unahamia kwako Chamazi: wakubwa shikamooni, na wengine habari zenu.

Naitwa Apolonia. Mimi ni mwalimu, nimezoea kusema na watu wasiosikiliza, kwa hiyo endeleeni tu na pilau. Ila nitakaloeleza nililiona kwa macho yangu.

Wengi mnamjua Hija, binti wa Lindi, aliyepanga chumba jirani na cha Mama. Lami ilipofika mtaani, mwenye nyumba wetu, Bwana Albano, alipandisha kodi katikati ya muda ambao Hija alikuwa ameshaulipia. Hija akakataa. Alikuwa ametoka kujifungua, yuko ndani ya arobaini yake, mumewe yuko safarini na lori. Ndugu zangu, mnajua alichofanyiwa? Asubuhi kweupe alikuja fundi, akang'oa mlango wa chumba, akauweka begani, akaondoka nao. Mzazi na kichanga chake wakabaki wazi, kila apitaye uani anawaona.

Na sie majirani tulifanya nini? Tulifanya kile tunachofanyaga siku zote hapa mtaani: tulileta maboksi. Mwenzetu akifukuzwa tunaona aibu kwa niaba yake, tunamfungia vyombo upesi, tunamtafutia guta la kubebea mizigo, aondoke kabla watu hawajajaa. Tunadhani ni wema. Kumbe ndicho mwenye nyumba anachokisubiri, aje aseme, "Mie sikumfukuza, kahama mwenyewe."

Mama Eufrazia alitoka chumbani kwake akatukuta tunakunja godoro. "Wekeni chini," alisema. "Huyu mtoto haendi popote."

"Mama, atalalaje bila mlango?" nikamuuliza.

Alimwita Ismail, seremala wetu, akamwonesha mlango wa chumba chake mwenyewe. "Ng'oa huu, ukamfungie Hija."

Mheshimiwa Diwani, mwanamke wa umri ule, mjane, vitu vyake vya maisha yote vimo mle ndani, anang'oa mlango wake! Ismail aliduwaa, bisibisi mkononi. Mama akatundika kitenge mlangoni kwake, akaishi hivyo mpaka shauri likaisha. Sheria hakuijua hata kifungu kimoja. Alijua tu kwamba Hija akibaki, kuna cha kutetea.

Ndipo Wakili Brightson akatufungua macho: mpangaji hatolewi kwa nguvu bila amri ya baraza la ardhi au mahakama, hata kama yeye na mwenye nyumba walipatana kwa mdomo tu, na kodi iliyokwisha kulipwa haipandishwi katikati ya muda wake eti kwa sababu lami imefika. Tukalipeleka shauri barazani, nalo baraza likaamua hivyohivyo. Bwana Albano akaurudisha mlango, na Hija yuko palepale mpaka leo. Simama, Hija, wakuone.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini mwezi uliopita Bwana Albano alikuja uani, akavua kofia, akamwamkia Mama kwa sauti ya chini. Bintiye Herieth amepanga Ukonga, naye ameambiwa apishe chumba mara moja.

"Mama, nimekuja kwako, sina pengine," alisema.

Sote tuliokuwa tukifua tuliacha kufua. Nilijua leo atasutwa. Mimi ningemsema mpaka jua lizame, Mungu anisamehe. Hivi nani kati yenu angemwacha?

Mama alijitanda mtandio, akatafuta ndala zake, akamwambia, "Twende haraka, asije akahama kabla hatujafika."

Mama yangu, nimekaa na watu wengi, mtu kama wewe sijamwona. Wageni waalikwa, nawashukuru kwa masikio yenu.