Moshi Ulikuwa Wangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana hiyo ya kwanza wameitikia watu wa mbele peke yao. Nyinyi wa nyuma najua joto limewazidi, lakini jipepeeni polepole mnisikie. Neno nililo nalo leo nimelibeba miaka mitatu. Mara mbili nimesimama hapa hapa nilitoe, nikaishia kuomba wimbo na kurudi kuketi.

Wengi mnanijua. Mimi ni Nekesa, Mama Wafula, mke wa Barasa dereva wa lori la serikali. Mnanijua kama yule anayepika chai ya ushirika wa akina mama na kuionja sukari kuliko inavyohitaji kuonjwa. Leo mtanijua vingine, na mkimaliza kunijua mtaamua kama chai yangu bado inanyweka.

Tulipohamia Garissa tulipanga chumba kwenye ploti ya Mzee Abdi, vyumba sita na ua mmoja katikati. Mume wangu alikuwa akipeleka chakula cha msaada Wajir, Griftu, Tarbaj, huko kote, na akiondoka ni wiki mbili, tatu. Kwenye chumba kilichopakana na changu alikaa Mwende, msichana wa Mwingi, mpishi katika shule ya bweni na mwimbaji wa kwaya yetu hapa. Ng'ambo ya ua alikaa Dahabo, mama wa Kisomali anayeuza maziwa ya ngamia sokoni. Hao ndio watu wa ushuhuda wangu.

Ndugu zangu, mimba yangu ya kwanza ilitoka nikiwa bado nyumbani Bungoma. Nilipopata ya pili hapa Garissa nilifurahi siku nne. Siku ya tano nikaanza kutapika. Nilitapika chai, nikatapika maji, nikatapika hata mate yangu mwenyewe! Sketi zikawa zinanidondoka kiunoni. Kila asubuhi nilishika tumbo nikasema, na huyu naye ananiaga.

Basi kulikuwa na mama aliyekuwa akiniuzia mboga. Jina lake silitaji, na msianze kugeuza shingo, alishahama. Aliniona nimekauka, akaniambia, "Dada, mimi nimepitisha mimba tatu kwa bangi. Watoto wangu wote wazima, na wanashika namba darasani. Hilo ni jani kama majani mengine." Akanifungia msokoto kwenye gazeti, akauweka chini ya sukuma wiki.

Nitasema kweli, maana ushuhuda wa uongo haujamfungua mtu. Nilivuta, na kutapika kukakoma. Nilikula ugali mpaka sahani ikabaki nyeupe, nikalia kwa furaha. Kwa hiyo mtu akisimama kuniambia kwamba mwanamke mjamzito anayevuta bangi anatafuta starehe, namwambia aketi. Mimi nilikuwa natafuta kula.

Lakini jani lile halikuniacha nilipotaka kuliacha. Msokoto mmoja wa asubuhi ukazaa wa mchana. Nikiukosa, mikono inatetemeka na kutapika kunarudi kwa hasira kuliko mwanzo. Na mtoto akicheza tumboni, badala ya kufurahi, naogopa. Najiuliza, huyu anacheza au analewa? Nikaacha kwenda kliniki. Ningekaaje mbele ya nesi na harufu ile? Kadi nikaificha chini ya godoro, na tumbo likaendelea kukua bila mtu kulipima.

Harufu nayo nikaitafutia dawa. Mnajua hapa kwetu kila jioni nyumba za Wasomali zinanukia uunsi, ule udi wao wanaochanganya na sukari na marashi. Nikanunua chetezo sokoni. Nikivuta tu, naweka makaa, natupia uunsi, chumba kinajaa moshi mzuri. Dahabo akawa ananiletea uunsi alioupika mwenyewe, kwenye kopo la maziwa ya unga. "Choma, walaal, choma," ananiambia, yaani dada, "nyumba inukie fizuri." Nami nacheka moyoni, nasema huyu mama nimempata, anadhani nimependa mila zao.

Ndugu zangu, sikujua kwamba mwerevu pale uani hakuwa mimi.

Kuta za ploti ile hazifiki kwenye mabati. Juu pako wazi, ukikohoa jirani anakwambia pole. Moshi wangu ulipanda, ukavuka ukuta, ukashuka kwa Mwende. Kwangu watu walinusa uunsi. Kwa Mwende, ambaye hakuwa na chetezo, walinusa bangi. Na Mwende naye alikuwa mjamzito, na aliyempa mimba alikuwa amevuka daraja la Tana kwenda Kenya, kama wenyeji wa hapa wanavyouita upande wa pili wa mto, na huko Kenya akapotea. Msichana mwenye mimba na asiye na mume, nani angehangaika kutafuta mshukiwa mwingine?

Habari ikafika kwenye ushirika wa akina mama, Alhamisi. Wengine wenu mlikuwepo. Mmoja akasema hilo ni pepo, likemewe. Mwingine akasema mbona waume zetu wanaponunua miraa tunanyamaza, leo jani la mwanamke ndilo limekuwa jehanamu? Mama mmoja mtu mzima akasema yeye amewaona walioivuta wakazaa salama, na ameona ambao hawakuvuta wakazaa kwa shida. Mkabishana mpaka chai ikapoa. Mwende aliketi karibu na mlango, akasema mara mbili, "Si mimi." Hakuna aliyemsikia. Au tulimsikia.

Ndipo nikasimama, mimi Nekesa, birika mkononi. Nikasema, "Mtu anayemtia mtoto wake sumu hafai kumwimbia Mungu. Atolewe kwaya." Mkasema amina. Ee Bwana, nisamehe! Mkasema amina kubwa, na mimi nikamimina chai.

Mwende akatolewa kwaya. Neno likamfikia Mzee Abdi, naye hataki bangi kwenye ploti yake, akampa Mwende mpaka baada ya swala ya Ijumaa awe ameondoka. Ijumaa ile asubuhi nilimsikia kupitia ule ukuta, anafunga vyombo vyake, sufuria moja moja. Alikuwa na mimba ya miezi sita kama mimi. Angeenda wapi? Kwao Mwingi baba yake alishasema asirudi na tumbo. Nilikaa kitandani nikijiambia, Nekesa, ngoja tu aondoke, mambo yaishe. Huo ndio moyo niliokuwa nao, sifichi.

Dahabo akaingia na kibuyu cha maziwa. Hakubisha hodi. Akaangalia chetezo, akaniangalia mimi.

"Walaal," akasema, "mimi najua hii harufu tangu siku ya kwanza. Ndugu yangu iko nayo hiyo kitu, mimi nimekaa na yeye nyumba moja. Uunsi nilikuletea makusudi, watu wasijue. Nilisema, huyu ni mgonjwa, ako na mimba, Mungu anafunika watu, na mimi nifunike yeye. Lakini sasa ona. Nimefunika wewe, na mtoto ya wenyewe ameachwa uchi. Hii uunsi yangu imekuwa dhambi, wallahi."

Akachukua kopo lake la uunsi kutoka dirishani, akalitia kwapani, akatoka. Hakunipigia kelele. Angenipigia kelele ningepata la kumjibu.

Ndugu zangu, nimewasikia wengi hapa wakisema waliona nuru, au walisikia sauti. Mimi niliona kopo la maziwa ya unga likiondoka. Nikapiga magoti, sikumaliza hata sentensi moja ya maombi, maana kila neno lililokuja lilikuwa linaniambia inuka uende. Nikavuka ua miguu mitupu kwenye mchanga ule wa Garissa, mnaujua unavyochoma.

Mzee Abdi alikuwa mlangoni pa duka lake na tasbihi mkononi. Nikamwambia yote. Akazungusha shanga. Kisha akasema, "Sasa wewe unataka nifukuze watu wawili? Mama, nikifukuza kila mtu ako na dhambi, hii bloti nitabaki na mbuzi." Akaniambia nikamwambie Mwende afungue vyombo, na mimi niende hospitali siku hiyo hiyo, la sivyo atamsubiri Barasa na fimbo amwulize analinda mke namna gani.

Dahabo ndiye aliyenipeleka, juu ya mkokoteni wa punda. Nesi nilimwambia kila kitu nikiangalia sakafu. Nilingoja matusi. Akavuta kiti, akasema, "Asante kwa kuniambia. Watu wanabishana sana juu ya kitu hiki, na hata sisi hatujui yote. Lakini unachovuta wewe kinamfikia mtoto, na kinaweza kumdhuru, hilo nisikufiche. Na kutapika kwako ni ugonjwa, kuna dawa yake. Mficha uchi hazai, mama. Ungekuja mapema." Nililia mpaka Dahabo akanifunika uso kwa shela yake. Kumbe dawa niliyohitaji ilikuwepo miezi yote ile, nami nikaikimbia kwa kuogopa uso wa mtu!

Wakanitundikia maji siku tatu. Na sitawadanganya kwamba niliamka nimefunguliwa. Niliporudi nyumbani nilitetemeka, nilikosa usingizi, nilimtukana yule mama wa mboga, nilimtukana Barasa aliyekuwa Tarbaj hana habari. Barasa aliporudi nilimweleza. Akaenda sokoni kuninunulia limau za kunusa. Siku zile za kutetemeka aliyenipikia uji ni Mwende. Ndiyo, Mwende huyo huyo, na tumbo lake limemtangulia.

Siku moja nikashindwa kuvumilia, nikamwuliza, "Mwende, ulijua ni mimi?"

Akasema, "Nilijua, dada. Ukuta haufiki juu."

"Mbona hukuwaambia?"

Akakoroga uji. Akasema, "Nani angeniamini? Halafu nilikuwa nakusikia ukitapika. Kila siku nilikuwa nakusikia. Nilisema, huyu wakimwongezea na aibu, atakufa na mtoto."

Ndugu zangu! Ukuta ule ule ulionipitishia moshi ulimpitishia yeye kilio changu. Mimi nilimrushia aibu, yeye akanirudishia uji.

Wafula alizaliwa siku ya mvua, ndiyo maana tukampa jina hilo, na mvua ya Garissa si ya kuchezea. Alizaliwa mdogo sana. Sijui kama ni bangi, ama kutapika, ama maisha tu. Sitajua, na hilo nitalala nalo mpaka nifike kaburini. Leo mnamwona, ndiye anayevua viatu vya wazee wakati wa maombi na kuvichanganya. Mungu ni mwema! Lakini simtumii Wafula kuwaambia kwamba bangi haina madhara, wala simtumii kumtisha mama yeyote. Nasema tu kwamba Mungu aliniokoa kwa mikono ya watu walioona uchi wangu wasinicheke.

Sasa nafika mahali penyewe. Kwa Mzee Abdi nilikiri. Kwa mume wangu nilikiri. Kwenu hapa sikukiri. Miaka mitatu mmenipa birika na kiti cha mbele, na Mwende anakaa pale mlangoni na binti yake, hajaimba tena hata ubeti mmoja. Hakunidai. Hakunisema. Kila Jumapili ananisalimu kwa jina langu. Ule moshi ulikuwa wangu, ndugu zangu. Mwende hajawahi kuvuta chochote. Mlichokiitikia amina kilikuwa uongo, na aliyeusema ni mimi.

Kama kuna mama hapa anayechoma uunsi wake leo, wa namna yoyote, nakusihi umwamini Mungu, na umwamini angalau mtu mmoja. Mimi bado niko ploti ya Mzee Abdi, mlango wa pili kutoka lango. Njoo na harufu yako. Sitakuuliza mbele za watu, na nikikupeleka hospitali nitakaa na wewe kwenye benchi mpaka uitwe.

Namshukuru Bwana aliyeniona. Namshukuru Dahabo, ambaye hayuko hapa, yuko sokoni na maziwa yake, lakini Mungu anamjua alipo.

Na wewe mwalimu wa kwaya, najua mkono wako uko tayari, wimbo unaofuata ni wenu. Ngoja kidogo. Mwende, nipe huyo mtoto nimshike. Pita mbele, dada yangu, nafasi yako ni ile ya sauti ya kwanza. Mpisheni apite. Mwalimu, usianzishe mpaka afike.