Bi. Chelagat na Pipa la Karatasi Zilizoharibika

Miaka kumi na tisa! Bi. Chelagat Rono aliingia ofisi yetu ya wauguzi wa nyumbani, hapa Riverdale Park, mwaka 1979, na Ijumaa hii, Juni 26, 1998, anastaafu. Mimi Phineas Mwaura, dereva na mtunza stoo, nimeombwa niandike. Wako waliosoma kunishinda, lakini maboksi yote aliyoagiza nimeyabeba mimi, kwa mgongo huu, kwa hiyo hakuna anayeijua kazi yake kama mimi. Ubishi sitaki.

Kazi yake ilikuwa kutafuta wapiga chapa wa kututolea fomu, kalenda na vijitabu. Wengine huuliza kwa simu. Yeye aliingia kiwandani, akasalimia watu wote, halafu akaenda kuchungulia pipa la karatasi zilizoharibika. Pipa likiwa tupu, tunarudi kwenye gari. Nilimcheka sana. Akaniambia, "Mzee Mwaura, hakuna mashine isiyoharibu. Kama hawatupi kitu, basi wanatuletea sisi." Hivyo ndivyo alivyomchagua Wayne, mpiga chapa wa Manassas. Pipa lake lilikuwa limefurika.

Sasa niseme la mwaka 1996, maana wengi hamlijui. Kijitabu cha wasaidizi wa wagonjwa kilikuwa na picha za vidonge: cha presha samawati, cha usingizi zambarau. Prufu, ile nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, ililetwa siku Bi. Chelagat yuko matangani Temple Hills. Nikaitazama, nikaona imependeza, nikasaini. Nani angenifundisha mimi rangi?

Kesho yake aliipeleka nakala yetu dirishani. Vidonge vyote viwili vilikuwa rangi moja. Hakunifokea. Alisema tu, "Kuna mgonjwa atapewa cha usingizi asubuhi. Washa gari."

Tulikuta mashine inanguruma, vitabu elfu mbili viko tayari. Wayne akaonyesha sahihi yangu. Huyu mama, mfupi hivi, hakubishana. Alitoa vidonge viwili kwenye mkoba, akaviweka juu ya karatasi, akamwomba Wayne aonyeshe picha ya kila kimoja. Wayne akatazama, akatazama tena, akakosea. Akaenda mwenyewe kuzima mashine. Vitabu vyote vikaingia kwenye lile pipa. Nimeona mengi duniani, lakini siku ile nilivua kofia. Na bosi hakuwahi kulisikia jina langu.

Wiki jana nilimpelekea prufu ya karatasi hii uliyoshika. Alikataa kuisaini. Akanipa kalamu yake: "Safari hii ni wewe, Mzee." Nimeisoma mara nne, kidole mstari kwa mstari, pale pale dirishani.

Bi. Chelagat, asante. Nenda nyumbani Kericho ukapumzike, ule vizuri, ulale vizuri, Mungu akupe siku nyingi za raha. Kosa likionekana humu, mtu asikuulize wewe. Sahihi ni yangu.

Phineas Mwaura