Bi Zamu na Ombi Lililomsubiri Bwana Muhuri

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Sogeza kiti, ongeza sauti, na kama kuna chai, mimina. Aliye jikoni asitukose, mfungulieni mlango.

Leo tunamkumbuka mwanamke aliyependa watu. Alipenda watu, alipenda kelele za watu, na alipenda kujua habari za watu. Walimwita Bi Zamu. Tulimzika Jumamosi iliyopita. Najua kipindi hiki huwa kinawatoa machozi, lakini leo nimepewa onyo. Mumewe, fundi cherehani, alinishika mkono nje ya nyumba yao akaniambia, "Mtangazaji, mke wangu alikuwa mtu wa kucheka. Ukiniliza redioni, leso utanunua wewe."

Nimesikia, fundi. Tutacheka.

Bi Zamu alifanya kazi gani? Nisikilizeni vizuri hapa. Alikuwa fundi wa mfumo wa kompyuta kwenye shirika la maji la mji. Yeye ndiye aliyeufundisha mfumo kujua kazi ni zamu ya nani. Narudia: zamu ya nani.

Maana iko hivi. Unaomba maji nyumbani kwako. Ombi lako linaingia kwenye kompyuta. Kompyuta inalipokea, inalipatia namba, inalisukuma mbele. Mpaka hapo haihitaji mtu. Lakini inafika mahali lazima isimame imsubiri binadamu. Mkaguzi atoke aende kuangalia. Mhandisi afikiri. Mtu aseme ndiyo, au aseme hapana. Hizo sehemu za kumsubiri binadamu ndizo zilikuwa kazi ya Bi Zamu. Anasubiriwa nani? Asipokuwepo, ashike nani? Akinyamaza, ashtakiwe kwa nani?

Jina lenyewe alilipata kabla ya kompyuta. Alianzia kwenye saluni ya shangazi yake, saluni ya chumba kimoja, vioo viwili, na wanawake wamejaa mpaka barazani. Kazi yake ilikuwa kupanga zamu. Anajua nani anasukwa, nani anasubiri kuoshwa, na nani ametoka "mara moja tu" na hatarudi leo. Shangazi mtu bado yupo, na ulimi wake bado mkali. Aliniambia, "Yule mtoto alikuwa anajua mpaka ndoa ya nani inayumba. Mteja akichelewa, anaujua mlango wa kwenda kubisha." Halafu akashusha sauti, na mengine aliyosema hayafai hewani.

Basi, shirika la maji liliponunua mfumo mpya, wataalamu walikuja na michoro. Mishale, visanduku, rangi. Wafanyakazi wakatazama, wakapiga miayo. Bi Zamu akatoka akanunua tikiti maji. Kubwa, la kubebwa kwa mikono miwili.

Akawapanga ukumbini, wapokezi, wakaguzi, wahandisi, mafundi bomba. Akasema, "Hili ni ombi la mteja. Ukilibeba ni lako. Haliwekwi chini. Huwezi kulishika? Mpe mtu, mkononi, naye akubali."

Ukumbi ukageuka sherehe. Tikiti likaanza safari. Mpokezi akampa mkaguzi, mkaguzi akampa mhandisi. Mhandisi simu yake ikaita, akaliweka kwenye kiti akatoka nje kuongea.

"Ombi limelala!" Bi Zamu akapiga kelele. "Liko kwa nani?"

"Kwa kiti!" watu wakaitikia.

"Na kiti kina mshahara?"

Kicheko. Siku hiyo, wasikilizaji, walielewa mfumo wote, na tikiti wakalikata wakalila. Kuanzia hapo, hakuweka kazi yoyote kwenye kompyuta kabla haijapita mikononi mwa watu ukumbini kwanza. Huo ndio ulikuwa utaratibu wake.

Lakini siku hiyo hiyo ya kicheko lilipita kosa, na hakuna aliyeliona.

Kulikuwa na mkaguzi mkuu, mzee wa suruali iliyonyooshwa, wakimwita Bwana Muhuri kwa alivyopenda kugonga muhuri. Tikiti lilipofika kwake alilikumbatia. Akasema, "Ukaguzi wa majengo ya umma nauidhinisha mimi. Andika jina langu. Usiandike 'wakaguzi'. Mimi."

Bi Zamu akaandika jina lake. "Na ukichelewa, mzee wangu, mfumo umwambie nani?"

"Umwambie mkuu wa idara."

Sawa. Akaandika mkuu wa idara. Wote wakaitikia kwa kichwa, tikiti likaenda mbele.

Sasa sikieni. Mkuu wa idara alikuwa amestaafu. Kiti chake kilikuwa na kaimu. Na kaimu alikuwa nani? Bwana Muhuri! Yaani mfumo ulikuwa umepangwa umshtaki Bwana Muhuri kwa Bwana Muhuri. Kila mtu ofisini alijua kuwa yeye ndiye kaimu. Kwenye kuandika, hakuna aliyekumbuka.

Hapo ndipo anaingia wifi yake Bi Zamu, mkunga.

Mkunga huyu ni dada wa fundi cherehani. Wifi na wifi hawa walikuwa wakitaniana mpaka majirani wanafungua madirisha wasipitwe. Mkunga alikuwa amekabidhiwa zahanati mpya ya uzazi, upande wa pili wa mji. Vitanda vipo, taa zipo, wakunga wapo. Maji hakuna. Na wakubwa walishasema wazi: maji yasipofika kabla ya mwisho wa mwezi, wakunga watahamishwa na jengo litakuwa ghala. Narudia, wasikilizaji. Bila maji, hakuna zahanati. Wajawazito wa mtaa ule wangeendelea kuvuka mji mzima na uchungu wao.

Kila jioni mkunga alikuja nyumbani, hata hodi hapigi vizuri.

"Wifi, maji yangu yako wapi?"

"Yako njiani, wifi."

"Njia gani hiyo? Au yanakuja kwa miguu?"

"Kula kwanza, ugomvi baadaye."

"Kwa chakula chako hiki kilichokosa chumvi? Nitakula, lakini maji nitadai."

Bi Zamu akaenda ofisini akalitafuta ombi. Akalikuta. Limekaguliwa? Bado. Liko kwa nani? Kwa Bwana Muhuri. Bwana Muhuri yuko wapi? Likizo. Na vikumbusho je? Vimekwenda vyote. Nusu kwa Bwana Muhuri aliyechelewa, nusu kwa Bwana Muhuri kaimu mkuu wake.

Wenzake wanasema alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akainuka, maana mwisho wa mwezi ulikuwa umekaribia.

Na hapa ndipo nataka tumtazame vizuri. Yeye ndiye aliyekuwa na funguo za mfumo. Angeweza kuingia, akabonyeza "imeidhinishwa", na ombi likaenda. Meneja alimwambia, "Bonyeza tu, mama, tutaandika baadaye." Wifi yake alimwambia, "Mbona kitufe chenyewe kidogo hivyo?" Siku nzima alikaa na kitufe mbele yake. Hakukigusa.

Mumewe alimuuliza kwa nini, na anayakumbuka majibu yake. "Pale pameandikwa kuwa kuna mtu amekwenda kuangalia. Nani amekwenda?"

Kwa hiyo akamtafuta Bwana Muhuri. Simu haipatikani. Lakini Bi Zamu alikuwa mtu wa saluni, jamani! Alianza kwa mlinzi wa geti, mlinzi akamtuma kwa mama wa chai, na mama wa chai akamweleza mpaka rangi ya geti la nyumba ya mdogo wake Bwana Muhuri, ambako mzee alikuwa akijenga banda la kuku. Asubuhi mawifi wawili wakaongozana.

Walimkuta na nyundo mkononi, misumari mdomoni, na suruali haijanyooshwa.

"Shikamoo, mzee wangu. Simu yako tumeipigia mpaka tumechoka."

Akatoa misumari. "Iko kabatini, chini ya mashuka. Mfumo wako umenitesa, binti. Kila asubuhi unanipigia kelele kwamba nimechelewa. Halafu unanipigia tena kunishtaki kwangu mwenyewe. Nikasema siwezi, nimejikemea vya kutosha."

Bi Zamu akaomba radhi. Kosa ni langu, akasema, nitalirekebisha. Lakini zahanati haina muda, na mkaguzi mwingine yupo. Yule waliyemwita Kocha, maana jioni anafundisha watoto mpira. Mtaje Kocha akushikie zamu.

Bwana Muhuri akakaza uso. "Kocha hapana. Wewe weka saini yangu. Nikirudi nitakwenda kuangalia."

"Utaangalia nini, mzee wangu, na bomba lishafukiwa?"

Akapiga msumari. Ukapinda. Akasema polepole, bila kuwatazama, "Mnajua ninachokiogopa? Nikimwachia Kocha, akaweza, nikirudi watasema kumbe mzee hakuhitajika."

Aliyejibu ni mkunga.

"Baba, mimi nikienda likizo wanawake wanazaa. Hawanisubiri. Namwachia mwenzangu zamu, anazalisha. Nikirudi wananiita tena, tena kwa kelele. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia, mkunga, wewe basi."

Mzee akamtazama. Kisha akacheka, kidogo kidogo, kisha sana. Akaenda kabatini, akafukua mashuka, akawasha simu. Ikalia kwa vikumbusho kama saa ya kengele iliyopagawa. Kwa mkono wake mwenyewe akamtaja Kocha kwenye mfumo kuwa naibu wake. Na akampigia. "Kocha, nenda. Na uangalie kweli, usinitie aibu."

Kocha akaenda siku hiyo hiyo. Na wasikilizaji, sikieni alichokikuta.

Mchoro ulionyesha bomba linapita kwenye uwanja mtupu nyuma ya zahanati. Kocha akatembea kwenye ule uwanja. Akaona nyasi zimenyauka kote, isipokuwa mahali pamoja zimestawi, kijani kibichi. Mtu wa viwanja vya mpira, akajiuliza, hapa pananyweshwa na nini? Akaagiza jembe. Chini palikuwa na shimo la choo la mafundi waliojenga jengo. Walilifunika kwa mbao na udongo, wakaondoka. Bomba la zahanati ya uzazi lilikuwa limepangwa kupita katikati yake.

Katikati yake! Siku bomba likipasuka, uchafu ungeingia. Maji yale ndiyo ya kuoshea watoto wachanga.

Kocha akaandika "hapana". Akachora njia nyingine ya kuzunguka. Mhandisi akakubali, mafundi bomba wakachimba, na maji yakafika kabla ya mwezi kuisha. Mkunga alifungua bomba la kwanza akalowa mpaka kilemba. Anasema wifi yake alisimama mlangoni akipiga vigelegele, akimwambia, "Sasa njoo ule chakula changu na udai chumvi!"

Bwana Muhuri aliporudi kazini alipita zahanati kwanza, akaliangalia lile shimo likiwa limefukiwa vizuri. Ofisini akamkuta Kocha, akampa mkono. Na kiti chake alikikuta palepale.

Bi Zamu akaupanga mfumo upya. Kazi ikaandikwa kwa cheo, siyo kwa jina. Kila aendaye likizo anamtaja mwenzake kwanza. Na hakuna mtu anayeshtakiwa kwake mwenyewe. Ofisi nyingine zikamwita akazipangie, naye akaenda, na kila alikokwenda alirudi na mashoga wapya na umbea mpya.

Ugonjwa ulimchukua haraka. Wenzake walikwenda hospitali kumtazama, wodi ikajaa mpaka muuguzi akawafukuza nusu. Aliwauliza, "Kazi yangu ameshika nani?" Wakamwambia ameshika fulani, na mambo yanakwenda. Akasema, "Vizuri. Basi acheni ofisi, nipeni habari za mtaani." Mumewe anasema siku ile alicheka kuliko wote waliosimama.

Kwa fundi cherehani, kwa shangazi mwenye saluni, kwa mkunga, kwa Bwana Muhuri na Kocha na wote wa shirika la maji, poleni sana. Kipindi hiki kinaomboleza pamoja nanyi. Mungu ampumzishe mahali pema.

Na sisi tuliobaki, tujiulize. Ni mara ngapi tumeandika "nimeangalia" na hatukuinuka kwenye kiti? Kuna mtu amekuamini kwamba umekwenda ukaona. Inuka, nenda.

Jana nilipita zahanati. Mama mmoja alikuwa ameinama kwenye beseni na mtoto mchanga. Nikamuuliza kama anajua maji haya yalifikaje hapa. Akanishangaa. "Si nimefungua bomba tu?" Nikafungua kinywa nimsimulie. Mkunga akanishika bega.

"Mwache," akasema, macho yake yamelowa na bado anatabasamu. "Mwache kwanza amwogeshe mtoto."